Niliandika "anaendelea vizuri" mara nane, sasa bima imemkatalia mgonjwa wangu

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naomba usitaje jina langu wala mkoa, maana watu wa fani yangu huku tunahesabika kwa vidole, mtu akijua mkoa tu keshajua ni mimi.

Mi ni mtoa tiba kwa vitendo, wengi wanatuita OT, na wengine mpaka leo wanatuchanganya na watu wa fizio. Nina miaka mitatu kazini tangu nimalize chuo Moshi. Nipo idara ya utengamao kwenye hospitali moja, tupo wawili tu, mimi na dada mmoja mkubwa ambaye ndo inchaji wangu. Kwa siku naona watu 14 mpaka 18, asubuhi watoto wenye mtindio wa ubongo na mama zao, mchana kiharusi, waliovunjika mikono, walioungua, yani ukiinua kichwa ni saa tisa na hujanywa hata chai.

Kuandika ndo naacha mwisho. Kuna siku inafika saa kumi na mbili jioni dada wa usafi keshaanza kumwaga maji sakafuni na mimi bado nina mafaili 11 mbele yangu na mtoto nyumbani ana miaka miwili ananisubiri. Na tunaandika kwa Kiingereza. Nina sentensi zangu tatu nilizikariri tangu nikiwa field, moja inasema mgonjwa amevumilia tiba vizuri, nyingine anaendelea vizuri, nyingine aendelee na mpango uleule. Nazizungusha hizo hizo. Tulivyoingia kwenye mfumo wa kompyuta ikawa rahisi zaidi, nakopi noti ya wiki iliyopita nabadilisha tarehe naseva.

Sasa kuna mzee mmoja, fundi cherehani, miaka 58. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia na huo ndo mkono wake wa kazi. Amekuja mara nane. Shangazi huyu mzee kapata nafuu ya kweli kabisa. Siku ya kwanza nilimpa shati lake mwenyewe la vifungo sita, hakufunga hata kimoja, kidole gumba kilikuwa kimelala ndani ya kiganja hakitoki. Juzi kafunga vinne. Cha tano kikamshinda, akaacha, akaangalia dirishani muda mrefu bila kusema kitu. Lakini ukifungua faili lake hakuna shati humo wala kifungo. Kuna anaendelea vizuri, mara nane.

Wiki iliyopita bima yake imerudisha maombi ya mahudhurio mengine 12. Wameandika kwamba kumbukumbu hazionyeshi alianzaje, hazionyeshi nini kimebadilika, na hazionyeshi kwa nini bado anahitaji mtaalamu. Mke wake akaja na ile karatasi, akanishika mkono akaniuliza, mwanangu si wewe ulikuwa unamwona, kwani hukuwaambia? Nilikosa la kujibu.

Nikaenda kwa inchaji. Akaniambia ingia kwenye zile noti za nyuma, ongeza vipimo, weka namba, tuprinti upya tutume. Anasema sio uongo, tiba ilifanyika na maendeleo yapo. Nina daftari dogo la mfukoni huwa naandika kwa penseli vitu kama "vifungo 2/6 dk 4", ila sio kila siku, nadhani mahudhurio matatu au manne ndo yamo. Mengine yapo kichwani, nayakumbuka ila tarehe sina uhakika nazo.

Nisipofanya hivo mzee anakosa tiba, hela ya kulipa mfukoni hana. Nikifanya silali usiku. Huyu dada alinipokea nikiwa sijui hata kukata splinti, kile kifaa cha kushikilia mkono ukae vizuri, nikimkatalia ataona namuita tapeli. Mume wangu anasema fanya unachoambiwa na mkubwa wako, yaishe. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kumbe sina kipaji cha kuandika, kutibu naweza ila kalamu ndo imemponza mgonjwa wangu. Nifanyeje Shangazi?

Binti yako mwenye daftari la penseli


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma jana usiku na asubuhi nikairudia, kwa sababu mi mwenyewe nimezeekea kwenye hayo mabenchi ya utengamao kabla sijaanza kujibu barua za watu, na hayo mafaili 11 ya saa kumi na mbili jioni nayajua harufu yake.

Naomba nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linakula roho yako, kwamba huna kipaji cha kuandika. Hebu rudia ulichoniandikia. Shati lake mwenyewe, vifungo sita, siku ya kwanza sifuri, gumba limelala ndani ya kiganja, juzi vinne, cha tano kikamshinda. Mwanangu, hiyo ni noti ya kitabibu. Ina mwanzo, ina kipimo, ina kilichobadilika, ina kinachokwamisha, na mgonjwa anaonekana humo ndani. Umeniandikia mimi nisiyemjua mzee, na sasa namjua. Bima nao hawamjui, ila wao uliwapa zile sentensi tatu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni dogo. Kwa nini kwangu imetoka na kwenye faili haikutoka? Mi nahisi sababu ni mbili. Kwanza kwangu umeandika Kiswahili, lugha uliyomsikia nayo mzee, na kule unaandika Kiingereza cha kukariri ambacho kinakupa usalama, hakina kosa la sarufi, lakini hakina mtu. Pili kwangu ulikuwa na mtu wa kumwambia, na kwenye faili unaandika ili kijisanduku kijazwe. Sisemi uache Kiingereza kama ndo utaratibu wa hospitali. Nasema fikiria kwanza kwa Kiswahili, jiulize mkono umefanya nini leo, halafu hicho kitu kimoja kiandike kwa Kiingereza chepesi kabisa hata kama ni cha darasa la saba. Na maneno ya mgonjwa mwenyewe unaweza kuyaweka kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Ule mtindo wa noti tuliofundishwa wote, wa SOAP, yani mgonjwa kasema nini, umeona na kupima nini, tathmini yako, na mpango, aliuanzisha daktari wa Marekani anaitwa Lawrence Weed miaka ya 1960, na kipande chake cha kwanza kabisa ni hicho, mgonjwa kasema nini. Wengi wetu ndo kipande tunachoruka.

Halafu hilo neno anaendelea vizuri tulitazame kidogo, maana we unaliona neno zuri, la huruma hata. Mtu wa bima akilisoma mara moja anaelewa kwamba mgonjwa anapona. Akilisoma mara nane anajiuliza, kama anaendelea vizuri hivi si aendelee nyumbani? Na ungeandika hali ni ileile angejiuliza, kama tiba haimsaidii tunalipia nini? Yani kokote unapopita na maneno mapana namna hiyo unamfungia mzee mlango. Wanachotafuta ni vitu viwili kwa pamoja, amesogea kutoka wapi mpaka wapi, na ni nini kilichobaki ambacho mkewe nyumbani hawezi kukifanya bila wewe.

Na namba peke yake hazitoshi, hapa nisikilize vizuri maana inchaji wako kasema weka namba. Chukua Barthel, kile kipimo cha mwaka 1965 cha mgonjwa anavyojimudu shughuli za kila siku tunachokitumia wote, jumla 100. Kipengele cha kuvaa kina 0, 5 au 10. Mzee wako siku ya kwanza, kama alikuwa anaweza kama nusu ya kuvaa kwa mkono wa kushoto na kusaidiwa, ni 5. Juzi amefunga vifungo vinne, vingine anasaidiwa, bado ni 5. Umeona? Kazi yote ya mahudhurio nane, na jasho lake lote, kwenye Barthel haionekani kabisa. Kipimo kingine, COPM ya Wakanada, pengine kingemfaa zaidi, maana mzee mwenyewe anataja shughuli zinazomsumbua na anazipa alama 1 hadi 10, anavyozifanya na anavyoridhika, na ikipanda pointi 2 au zaidi huwa inahesabiwa kuwa ni badiliko la maana. Ila hata bila fomu yoyote, vifungo vinne kati ya sita ndani ya dakika kadhaa ni kipimo, na kinaeleweka mpaka na karani.

Ngoja nikuonyeshe vile ambavyo hudhurio lake la tisa lingeweza kuandikwa, namba za mfano tu, we utaweka zake:

"Anasema: nataka kushika mkasi, wateja wananisubiri. Amekaa kwenye kiti, shati lake, vifungo 6. Amefunga 4 peke yake kwa dk 5, cha 5 na cha 6 kwa kushikiwa upindo wa shati. Gumba linatoka kiganjani lenyewe, kubana kwa ncha za vidole kunateleza akichoka. Akilazimisha anapandisha bega na kukunja kiwiko, ukakamavu unaongezeka. Nimembadilishia mkao, kiwiko juu ya meza, nikaanza na kifungo kikubwa, kuteleza kumepungua. Mke amefundishwa kushika upindo tu, asimfungie. Lengo wiki 4: vifungo 6 bila msaada, dk 4, kisha mkasi kwenye kitambaa laini. Anahitaji mtaalamu kwa kuwa ugumu wa zoezi lazima ubadilishwe kila anapochoka, akiachiwa mwenyewe anazoea kutumia bega."

Haijafika hata nusu ukurasa. Na sio lazima wagonjwa wote 18 waandikiwe hivyo kila siku, huwezi na mtoto atalala bila kukuona. Kuna siku ya tathmini na siku ya kupima upya, hizo zinataka maneno. Katikati hapo mistari mitatu inatosha mradi kila mstari una kitu kilichotokea siku hiyo na sio siku nyingine. Hapo ndo kukopi noti ya wiki iliyopita kunapotuumiza, maana noti inakuwa haina siku yake.

Sasa tuje kwenye lile lililokuleta. Inchaji anasema ongeza vipimo kwenye noti za zamani. Nataka kumtendea haki, hoja yake ina ukweli ndani yake, tiba ilifanyika kweli na mzee kasogea kweli. Nahisi na yeye anamwonea mzee uchungu. Ila jiulize na haya. Zile noti nane bima wameshaziona, nakala wanazo. Wakipokea za pili zenye tarehe zilezile na maneno tofauti, watasoma vifungo au watasoma kwamba kuna mtu kagusa faili? Na mifumo mingi ya kompyuta inaweka alama ya nani kaingia, saa ngapi, kabadilisha nini. Likianza swali kwa mzee mmoja linaweza kuhamia kwa wagonjwa wenu wote, na hapo hata madai yenu ya kweli yanakuwa mashakani. Jina litakalokuwa pale chini ni lako. Na kuna jambo lingine halihusu bima kabisa, umeniambia tarehe huna uhakika nazo. Ukiandika vifungo viwili hudhurio la tatu na kumbe ilikuwa la tano, huo mwenendo wa kupona atakaousoma mtaalamu mwingine kesho utakuwa umeutunga wewe, hata kama nia ni njema.

Kuna njia nyingine ambayo pengine hamjaiongelea, nayo ni nyongeza iliyochelewa. Noti ya zamani inabaki ilivyo, haiguswi. Unaandika mpya, ina tarehe na saa ya leo, inasema wazi kwamba hii ni nyongeza kuhusu hudhurio la tarehe fulani, na inasema umeitoa wapi, kwenye daftari la kazi uliloandika siku ileile. Unasaini. Kwa yale mahudhurio matatu au manne yaliyomo kwenye daftari. Yale ya kichwani ama unayaacha, ama unaandika kwamba ni kumbukumbu yako na tarehe huna uhakika nayo. Ulizia kwanza kama hospitali yenu ina utaratibu wa nyongeza, nyingi zinao ila watu hawautumii. Hatari yake nayo ipo, sikufichi. Bima wanaweza kusema mbona mmekumbuka baada ya kukataliwa, wakaipa uzito mdogo. Na itaonyesha wazi kwamba idara yenu ilikuwa haiandiki, jambo ambalo inchaji anaweza asilipende hata kidogo.

Ndo maana mi ningependa usiiegemee nyongeza peke yake. Mzee aje, avae lile shati, umpime leo upya kabisa kama vile ndo unamwona mara ya kwanza. Halafu mwanzo wake utafute mahali ambapo wengine waliuandika. Noti za manesi wodini alipolazwa, je waliandika analishwa? Daktari aliyemruhusu aliandika nini kuhusu mkono wa kulia? Wenzako wa fizio je? Na mkewe, muulize kama kuna picha au video kwenye simu ya siku zile za mwanzo, familia nyingi siku hizi wanapiga, na mzee akiridhia zinaweza kusaidia. Ukiweka hivyo vya wengine pamoja na vipimo vya leo na malengo ya wiki 4, unaweza kuandika barua ya kuomba wapitie upya uamuzi wao, na daktari aliyemwandikia tiba akasaini pamoja na wewe. Itachukua muda, na wanaweza kukataa tena. Kwa hiyo wakati mnasubiri nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini ukaulize kama kuna msamaha au nafuu anayoweza kupata, na umpangie mazoezi ya nyumbani. Mkono wa kiharusi hautasubiri barua.

Kuhusu dada yako wa kazi. We umeshaamua kwamba ukikataa ataona unamuita tapeli, lakini hujaongea naye, umeongea naye kichwani tu. Inawezekana aliropoka lile la haraka kwa sababu naye kaogopa, maneno ya mke wa mzee yamemuuma na yeye, na noti zake mwenyewe labda ziko kama zako. Nafikiri ukimwendea na swali tu, mambo ya sisi na wao ukayaacha, mlango unaweza kufunguka. Kitu kama, dada, bima wana nakala za zile noti, nimeogopa tukituma nyingine tutaonekana tumebadilisha, naomba unisaidie tuandike nyongeza na tathmini mpya, we ndo mwenye uzoefu. Umempa heshima yake na hujajiuza. Anaweza pia akakasirika, akanuna mwezi mzima, na mko wawili tu kwenye chumba kimoja, hilo sio jambo dogo na ni wewe utakayeliishi, sio mimi. Mumeo naye msikilize, anaogopa kazi yako isipotee, hana nia mbaya. Labda hajui kwamba kwa njia ile ya inchaji kazi inaweza kupotea vilevile.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako umekipita haraka nikasimama hapo. Hilo daftari. Linalala wapi? Kama linaenda nyumbani kwenye mkoba, na ndani kuna majina ya watu na magonjwa yao, hizo ni taarifa za afya za watu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayozihesabu kuwa taarifa nyeti. Sikutishi, daftari hilo leo ndo limekuokoa. Ila andika namba ya faili, jina liache, lilale kwenye droo yenye kufuli, na kabla hujatoka jioni kilichomo kihamie kwenye faili. Wapo wanaoandika dakika tatu za mwisho mgonjwa akiwa bado amekaa pale mbele, wanamuuliza, mzee leo tumefika wapi? Yeye anajibu, wewe unaandika. Mama zao watoto hasa wanapenda sana, wanajiona wamo kwenye tiba. Jaribu na wawili watatu uone, sio wote 18 kwa mpigo.

Niseme na langu, labda litakusaidia kuona kwamba noti haiandikwi kwa ajili ya bima tu. Zamani, hospitali sitaitaja, nilimtengenezea mtoto mmoja splinti ya mkono, nikaandika kwenye faili: avae splinti. Basi. Nikaenda likizo. Mwenzangu aliyenishikia akafungua faili, akasoma, akamwambia mama avae, na mama mtiifu yule akamvalisha usiku na mchana, hakuivua hata kumwogesha. Nilivyorudi baada ya wiki mbili nikaifungua mwenyewe, juu ya kile kifupa cha kifundo upande wa nje kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa shilingi, kimeshika kwenye kamba. Nilichokuwa nimekusudia ni masaa mawili kuvaa, saa moja kupumzika, na ngozi ikaguliwe kila inapovuliwa. Nilikijua kichwani. Mama hakunilaumu, na hiyo ndo iliniuma kuliko angenilaumu. Tangu siku ile kila nikiandika namfikiria yule mwenzangu anayefungua faili mimi sipo.

Kwa hiyo uamuzi wa noti za nyuma ni wako, mwanangu. Nimekuwekea ninavyoona kila njia inavyoweza kukupeleka, na wewe ndo unawajua watu wa hapo, unajua inchaji ana moyo gani, unajua mzee anaweza kusubiri kiasi gani. Kabla hujaamua chochote fanya kitu kimoja, kaa na daftari lako jioni tulivu, uchore mstari katikati ya karatasi, upande mmoja uandike yale yaliyomo kwenye penseli na tarehe zake, upande wa pili yale unayoyakumbuka tu. Usichanganye. Ukishaiona hiyo karatasi nadhani mazungumzo na dada yako yatakuwa mepesi zaidi, maana mtakuwa mnaongea juu ya kitu kilichopo mezani.

Na mke wa mzee mrudie. Alikuuliza swali na bado hujamjibu. Mwambie ukweli kwamba uliandika kwa kifupi mno na sasa mnatafuta namna, na umuombe siku ya kuja alete lile lile shati la vifungo sita, asilete jipya.

Shangazi yako